Pua ya Mbwa na Jicho la Mwenyewe

Katika mitaa ya pembeni ya Dar es Salaam, tangu Mikocheni na Mbezi upande wa Kinondoni hata Chang'ombe na Mbagala upande wa Temeke, maneno mawili huonekana malangoni mara nyingi kuliko jina la mwenye nyumba: Mbwa Mkali. Zamani maneno hayo yalimhusu mbwa wa namna moja, yule wa rangi ya kahawia au nyeusi, mwenye masikio wima, kiuno chembamba na mkia uliopinda, ambaye hakununuliwa na mtu wala hakuandikwa katika daftari lolote. Alizaliwa chini ya mwembe, akala makombo, akabweka usiku. Siku hizi nyuma ya maneno yale yale hukaa wageni wengi. Wako mbwa wachungaji wa Kijerumani, wako rotwaila, na katika nyumba ambazo tayari zina askari langoni na nyaya za umeme ukutani wako pagi na buldogi, mbwa wafupi wa uso uliobonyea, ambao hawamtishi mwizi wala hawakununuliwa ili wamtishe. Hununuliwa kwa sura zao. Bei ya mtoto mmoja hupita bei ya mbuzi kadhaa, na muuzaji husifu pua kwanza: kadiri ilivyo fupi, ndivyo mbegu inavyohesabiwa kuwa safi.

Swali liulizwalo hapa ni la kale kwa asili yake, ingawa ni jipya katika mitaa hiyo. Je, mwanadamu ana haki ya kumtengeneza kiumbe hai ili apendeze machoni, ikiwa gharama ya kupendeza huko hulipwa kwa pumzi, kwa mgongo au kwa figo za kiumbe mwenyewe? Wako watakaosema kwamba swali hili ni la watu walioshiba. Neno lao si dogo, na litapata zamu yake. Kwanza yafaa mambo yenyewe yatazamwe jinsi yalivyo.

Mbwa hana jasho la kumtosha. Matundu yake ya jasho ni machache, nayo yako nyayoni. Joto la mwili wake hulitoa kwa kutweta: hewa hupita juu ya ulimi na katika mikunjo ya nyama laini iliyofichika ndani ya pua, majimaji yaliyomo hugeuka mvuke, na mvuke huondoka na joto. Ifanyavyo kazi pua ya mbwa ndivyo ufanyavyo mtungi wa udongo uliowekwa kivulini, ambao maji kidogo hujipenyeza nje yake na yale yabakiyo ndani yakapoa. Sasa mtu akichagua katika kila uzao wale wenye pua fupi, akawaoza wao kwa wao, kizazi baada ya kizazi, mfupa hufupika. Lakini nyama iliyofunikwa na mfupa ule haifupiki kwa kipimo hicho hicho. Kaakaa laini hubaki refu likaning'inia kooni. Matundu ya pua husinyaa yakawa kama nyufa. Meno husongamana katika taya isiyoyatosha, na macho hutokeza nje ya matuo yake hata hujeruhiwa kwa urahisi. Mbwa huyo hukoroma, na wenyewe husikia mkoromo ule wakacheka, wakasema kwamba mtoto wao anaota. Ilhali mbwa yu macho, anatafuta hewa.

Uingereza, nchi ya baridi na mawingu, wachunguzi wa chuo cha udaktari wa mifugo cha London walionyesha mwaka 2020 kwamba hatari ya buldogi kupatwa na ugonjwa wa joto ilikuwa kama mara 14 ya hatari ya mbwa wa Labrador. Huko kiangazi ni wiki chache. Dar es Salaam, katika Januari na Februari, joto la mchana hufika nyuzi 32, na hewa ya Pwani imejaa unyevu. Kila mama aliyewahi kuanika nguo wakati ule ajua kwamba hewa iliyoshiba maji haikubali kupokea mengine. Basi mtungi wa mbwa, ambao umekwisha kuvunjwa nusu, hutakiwa kufanya kazi mahali ambapo hata mtungi mzima ungeona taabu. Umeme ukikatika saa nane mchana na feni ikasimama, mwenye nyumba hutoka barazani akajipepea. Pagi hana pa kutokea, maana kifungo chake kimo usoni mwake.

Kuhusu kuzaliwa kwake, yatosha kusema kwamba katika uchunguzi uliochapishwa Uingereza mwaka 2010, zaidi ya uzao 8 katika kila 10 za buldogi zilipatikana kwa kumpasua mama, kwa kuwa kichwa cha mtoto kimekuwa kikubwa kuliko njia. Mbegu isiyoweza kuendelea duniani bila kisu imekwisha kuwa mbegu ya daktari kuliko ya mbwa.

Watu hudhani kwamba sura hizi ni za tangu kuumbwa kwa dunia. Mafuvu na picha za karne ya 19 zaonyesha buldogi mwenye pua ndefu kuliko ya leo. Chama cha wafuga mbwa cha Uingereza kiliundwa mwaka 1873, na tangu hapo mbwa wakawa na madaftari ya nasaba, kanuni za sura, na maonyesho ambayo waamuzi hupita wakitazama. Jicho la mwamuzi likipenda kitu kidogo, mwaka wa pili hupewa kile kile kwa wingi zaidi. Max von Stephanitz, aliyeanzisha mbegu ya mbwa mchungaji wa Kijerumani mwaka 1899, alitaka kazi na akili kabla ya sura. Lakini mwaka 2016, katika maonyesho makubwa ya Crufts, mbwa wa mbegu hiyo alipewa ushindi hali mgongo wake umeteremka na mwendo wake wa miguu ya nyuma ukawatia watazamaji uchungu hata pakazuka malalamiko.

Afrika nayo ina fungu lake katika habari hizi. Mwaka 1922 walowezi walikutana Bulawayo wakaandika kanuni za mbwa wao wa kuwindia simba, na alama kuu ya mbegu ikawa mstari wa manyoya yaliyogeukia mbele juu ya uti wa mgongo, alama iliyotoka kwa mbwa wa Wakhoikhoi. Baadhi ya watoto huzaliwa bila ya mstari ule, nao ni wazima kabisa. Kwa miaka mingi wafugaji wengi waliwaua watoto hao siku za kwanza, kwa sababu walikuwa doa katika nasaba. Mwaka 2007 wataalamu wa urithi walionyesha kwamba badiliko lile lile la mwilini liletalo mstari ndilo pia limwekalo mbwa katika hatari ya kuzaliwa na tundu jembamba liingialo mgongoni kuelekea uti, lenye kuoza na kuumiza. Ikawa wazi ni akina nani waliokuwa wakiuawa na akina nani waliokuwa wakiachwa wazae. Habari za namna hii zilipooneshwa katika filamu ya BBC mwaka 2008, fadhaa ilikuwa kubwa, na kanuni nyingi za sura zikaandikwa upya. Lakini kanuni ya London huandikwa upya haraka kuliko macho ya mnunuzi wa Mikocheni.

Hapo hapana budi kutazama neno moja la Kiswahili lenyewe. Mbwa asiye na nasaba huitwa koko, na pengine huitwa mshenzi. Neno hili la pili lilitumiwa kwanza na watu kwa watu, mwungwana wa mji akimdharau mtu wa bara, kisha likateremshwa kwa mbwa bila ya kupoteza sumu yake. Nalo lina ndugu yake aliyesafiri mbali. Katika misitu ya Kongo wako mbwa wa wawindaji, wadogo, wepesi, wasiobweka kama wengine. Walipopelekwa Uingereza na kuoneshwa London mwaka 1937 walikuja kujulikana kwa jina la basenji, neno la Kongo ambalo ni jamaa wa karibu wa washenzi. Mshenzi akaingizwa katika daftari, na kwa kuingizwa humo akawa mwungwana. Mlango ukafungwa nyuma yake ili damu ya kigeni isimchafue. Mbwa wachache waliovuka bahari wakawa baba na mama wa wote. Matokeo yakawa kwamba ugonjwa wa figo uitwao Fanconi, ambao huifanya figo ipoteze mkojoni vitu ambavyo mwili wavihitaji, ulienea katika mbegu yao. Mwaka 1987 na 1988 wafugaji wa Kimarekani walifunga safari kwenda Kongo, iliyoitwa Zaire wakati huo, kutafuta mbwa wapya vijijini, na mwaka 1990 daftari la Marekani likafunguliwa kuwapokea. Waungwana walirudi kwa washenzi kuomba damu.

Haifai, hata hivyo, kumsifu mbwa koko kupita kiasi. Yule anayezunguka majalala ya Tandika ana ukurutu, ana kupe, hajachanjwa kichaa, na ndugu zake wengi walikufa kabla ya kufumbua macho. Afya ya mbegu yake imenunuliwa kwa vifo vya wengi wasiohesabiwa. Tofauti ni kwamba hakuna aliyekaa akapanga vifo vile ili apate kitu cha kutazama.

Wala haifai kudhani kwamba kuchagua sura ni dhambi kwa nafsi yake, au kwamba ni ugonjwa wa Wazungu peke yao. Pwani imependa kuku aina ya kuchi tangu zamani: mrefu, shingo wima, kifua cha askari. Jogoo wake hununuliwa kwa fahari. Jike lake hutaga mayai machache, na hiyo ni hasara ya mfugaji. Lakini kuchi atembea, apumua, awika, na mwili wake ni mwili wa kutumika. (Wanaompiganisha wana kesi nyingine.) Upande wa pili yuko kishingo, kuku aliyezaliwa bila manyoya shingoni, ambaye watoto humcheka na mgeni hudhani ana maradhi. Wataalamu wa kuku wajua kwamba shingo ile tupu humsaidia kutoa joto, na kwamba huvumilia jua kuliko wenziwe waliovaa. Basi katika ua mmoja wa Temeke huweza kuonekana kuku mbaya wa sura ambaye ubaya wake humpoza, na katika ua wa jirani mbwa mpendwa wa sura ambaye kupendwa kwake humchemsha. Uzuri wa mkakasi, walisema wazee, ndani kipande cha mti. Ila mkakasi hauumwi na kipande chake.

Sasa zamu ya wapinzani. Yule asemaye kwamba swali ni la walioshiba husema hivi: katika mji ambao mvua ya masika hufurika mabondeni ikachukua vyombo vya watu, ni aibu kulia juu ya pua ya mbwa. Maneno haya yana nguvu yakielekezwa mahali pake, na mahali pake ni kwa mnunuzi. Aliyetoa fedha nyingi kumnunua mbwa anayehitaji feni, dawa ya macho na daktari wa kupasua ndiye aliyeichukua riziki akaipeleka penye anasa. Kumtaka asimnunue si kumpendelea mnyama dhidi ya maskini. Tena huruma si pishi ya mchele, kwamba ikipimwa kwa mbwa hupungua kwa mtoto. Immanuel Kant, ambaye hakuamini kwamba mnyama ana haki yake mwenyewe, aliona kwamba mtu anayezoea ukatili kwa wanyama hufanya sugu moyoni kwa ajili ya watu pia. Hoja ya Jeremy Bentham mwaka 1789 ilikwenda mbali zaidi: la kuulizwa ni kama kiumbe aweza kuumwa, si kama aweza kusema au kufikiri. Na Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya Tanzania ya mwaka 2008 imekubali kwamba mnyama ni kiumbe mwenye hisia. Ugumu wa hakimu ni kwamba huweza kuoneshwa mjeledi, lakini hawezi kwa urahisi kuoneshwa mjeledi uliopigwa vizazi thelathini kabla ya mpigwaji kuzaliwa.

Hata mwislamu wa Temeke ambaye hawezi kumwingiza mbwa nyumbani kwake kwa sababu ya twahara aijua habari ya mtu aliyemkuta mbwa kisimani, ulimi nje, akilamba tope kwa kiu, akashuka akajaza kiatu chake maji akamnywesha, akasamehewa kwa tendo hilo. Mbwa yule alikuwa akitweta kwa saa moja ya kiu, na kutweta kwake kulitosha kumshusha mtu kisimani. Pagi hutweta maisha yake yote, na aliyemfanya atwete ni mtu.

Hoja iliyo ngumu kuliko zote si hiyo. Ni ile isemayo: mbwa huyu asingezalishwa hivi, asingekuwapo kabisa. Kama mfugaji angewaoza wazazi wengine wenye pua ndefu, angezaliwa mbwa mwingine, si huyu. Huyu alikuwa na njia mbili tu, kuwapo na pua hii au kutokuwapo. Naye akiwapo hula, hucheza, humpokea bwana wake jioni kwa furaha. Amedhulumiwa nini? Derek Parfit, mwanafalsafa Mwingereza, alilifunga fundo la namna hii juu ya watu katika kitabu chake cha mwaka 1984, na wengi wamejaribu kulifungua tangu hapo.

Na itazamwe mfano wa karibu. Mtu auza viwanja Mbagala, achimba kisima karibu na choo kwa kupunguza gharama. Watu wahamia, waoana, wazaa. Na baada ya miaka kumi watoto waharisha kwa maji yale. Mwenye kisima aitwa, naye ajitetea: kama nisingechimba hapa, watu wasingehamia, baba na mama wa watoto hawa wasingekutana, na watoto hawa wasingezaliwa, kwa hiyo sikuwadhulumu, bali niliwapa uhai. Hakuna baraza la wazee litakaloupokea utetezi huo, ingawa kila kiungo chake ni kweli. Kosa lake halikungoja mtoto fulani apate jina. Lilitimia siku alipochimba, akijua kwamba atakayekuja, awaye yote, atakunywa. Ndivyo alivyo mfugaji anayewakutanisha wazazi wawili wa pua fupi. Hakuna mbwa ambaye bado hajazaliwa amwezaye kumdai azaliwe. Lakini yeyote atakayezaliwa kwa mkono wa mtu ana haki ya kukuta hewa ikimsubiri. Wala furaha ya mbwa jioni haimtetei mfugaji. Furaha ile ni ya mbwa, ameileta mwenyewe, licha ya alivyofanywa.

Mnunuzi naye husema kwamba hakumzalisha, amemkuta hivyo sokoni. Lakini bei yake ndiyo barua impelekeayo mfugaji habari za uzao ujao. Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi, na hakuna mzigo mwepesi begani kama ule unaobebwa na kiumbe asiyejua kwamba angeweza kuwa bila mzigo. Kuna na ujanja wa kupumbaza dhamiri katika wakati wenyewe. Mwaka 2021, katika mashindano ya urembo wa ngamia Saudia, ngamia zaidi ya arobaini waliondolewa kwa sababu wenyewe waliwadunga dawa ili midomo na pua zao zionekane nzuri. Watu walikasirika, na kwa haki. Lakini sindano ikifanya kazi yake kwa siku moja huitwa udanganyifu, na uchaguzi wa wazazi ukiifanya kazi ile ile kwa miaka mia huitwa ufundi.

Si kwamba Tanzania haijui njia nyingine ya kumpenda mnyama. Morogoro, katika Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, panya buku wamefunzwa tangu mwaka 2000 na shirika la APOPO kunusa mabomu ya ardhini, na baadaye kunusa kifua kikuu katika makohozi ya wagonjwa, wakiwamo wa Dar es Salaam. Mmoja wao, Magawa, alitumikia Kambodia akagundua mabomu ya ardhini zaidi ya 70, na mwaka 2020 akavishwa medali ya dhahabu na shirika la Uingereza la kutibu wanyama. Hakuna aliyemwita mzuri. Pua yake ndiyo iliyoheshimiwa, katika dunia hii hii ambamo pua za mbwa huvunjwa kabla hazijaota.

Wabaki vijana wauzao watoto wa mbwa kando ya barabara, ambao riziki yao imo humo. Hakuna apasaye kuwanyang'anya. Pagi akiozwa na mbwa wa pua ndefu, hata koko wa jirani, kizazi cha kwanza tu huanza kupumua vyema. Kinachozuia ni mteja ambaye akisikia neno chotara hugeuza gari lake. Na wale pagi waliokwisha kuzaliwa, walio majumbani Msasani na Mbezi leo, wanastahili kivuli, maji, mwili usionenepeshwa, na daktari, na wafe kwa uzee wakiwa wamependwa bila ya kuzalishwa.

Mataifa mengine yameanza kuweka mipaka. Mahakama ya juu ya Norwe mwaka 2023 ilithibitisha marufuku ya kuzalisha mbegu moja ya mbwa wadogo ambao fuvu lao limekuwa halitoshi kwa ubongo. Uholanzi, tangu mwaka 2019, mbwa ambaye urefu wa pua yake haufiki theluthi moja ya urefu wa fuvu lake hairuhusiwi azalishwe. Kipimo hicho hakihitaji mashine wala maabara. Utepe wa fundi cherehani watosha, na fundi hakosekani Tandika wala Kinondoni. Mnunuzi aliyesimama langoni, mtoto wa mbwa mkononi, aweza kuuazima kabla hajafungua mfuko, na muuzaji atajua mara moja kinachopimwa.